Tiki Mbili Kwenye Fremu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Ajali katika uwanja wa mbio za pikipiki za vilima, Jumapili tarehe 9 Juni
Jina: Kama lilivyo kwenye kitambulisho kilichoambatishwa, kazini anaitwa Dada Fundi
Umri: Miaka 43
Kazi: Fundi mkuu wa timu ya mbio za pikipiki
Makazi: Vyumba viwili nyuma ya karakana ya timu
Uhusiano na majeruhi: Dada yake, baba mmoja mama mmoja
Maelezo yameanza: Jumatano tarehe 12 Juni, saa 4:20 asubuhi

Mimi ndiye mwenye maelezo haya. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Afande amenionya kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimemjibu kwamba uongo ndio ulionileta hapa, kwa hiyo asiwe na wasiwasi, leo sina mwingine.

Nina miaka kumi na tisa katika kazi ya ufundi. Miaka minane ya mwisho nimekuwa nikiandaa pikipiki ya mdogo wangu, yaani majeruhi. Ana miaka 31. Watu wote wanamwita Chura, hata mama yetu, kwa sababu alianza kuruka mitaro kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ukiniuliza jina lake la shuleni itabidi nifikiri kidogo.

Watu wanaotazama mbio hudhani mwendeshaji hodari hupanda pikipiki yoyote akaondoka nayo. Wapo wa hivyo. Katika timu yetu yupo mmoja tunamwita Popote, maana popote utakapomkalisha atakwenda. Mwezi Aprili timu ilipobadilisha aina ya pikipiki, Popote aliizungusha nusu siku, akaomba usukani usogezwe mbele kwa upana wa kidole na breki ya mguu ishushwe kidogo, akaenda kula. Mdogo wangu si wa namna hiyo. Pikipiki ya zamani aliijua kama mtu anavyozijua ngazi za kwao gizani. Ile alikuwa anaikalia nyuma na kuiacha imbebe. Hii mpya ni fupi, inakata kona haraka, na inataka uikalie mbele kabisa karibu na tangi, viwiko juu. Ukiikalia kizamani inakukasirikia.

Kwa hiyo tulifanya majaribio wiki tano. Kazi hii ina utaratibu wake, na naomba afande auandike vizuri kwa sababu kila kitu kinatoka hapo. Mwendeshaji anapiga mizunguko mitano. Mimi nabadilisha kitu kimoja tu. Anapiga mitano tena. Haambiwi nimebadilisha nini. Anarudi, anavua helmeti, anasema alichohisi, ndipo namfungulia daftari. Na mara mojamoja sibadilishi kitu chochote, najifanya tu kubadilisha, ili nijue kama anaihisi pikipiki au anahisi hofu yake. Mwendeshaji anajua kwamba jambo hilo hufanyika, ila hajui ni lini. Siku ya majaribio hakuna ubaya. Siku ya mbio hairuhusiwi, na sihitaji kanuni iliyoandikwa kulijua hilo.

Mimi nililihamishia jambo hilo siku ya mbio. Nilianza mwaka wa tatu wa kumwandalia pikipiki. Chura alikuwa na tabia ya kuwa roho juu dakika chache kabla ya kuanza. Atakuja mbio: Dada, mbele pagumu. Dada, klachi iko mbali. Dada, nyuma panayumba. Mwanzoni nilikuwa nabadilisha kweli, naye anaharibikiwa, kwa sababu pikipiki ilikuwa sawa tangu awali. Siku moja nilikuwa nimechoka, nikapiga magoti na bisibisi mkononi, sikugusa kitu, nikamwambia tayari. Akashika nafasi ya kwanza. Alirudi akanikumbatia, akasema, "Dada una mkono wa ajabu wewe." Tangu hapo ikawa dawa yake, na mimi nikajiona mganga.

Kuna skrubu ndogo chini ya shokapu ya nyuma, ile springi yenye mafuta ndani inayobeba mgongo wa pikipiki. Ukiifunga, nyuma inarudi polepole baada ya kubonyea. Ukiilegeza, inarudi kwa kasi. Kila ukiizungusha kidogo inalia tik, na sisi tunazihesabu hizo tiki kutoka pale skrubu ilipofungwa kabisa. Ya mdogo wangu ilikuwa kwenye tiki kumi na mbili. Alijua mlio huo, akawa anausikiliza. Nikitaka ule uongo ufanane na kweli, nilikuwa nagonga ncha ya bisibisi kwenye fremu. Tik, tik. Mlio ni uleule.

Daftari langu la tiki, lile la siku za mbio tu, mnalo hapa kama kielelezo. Nikibadilisha kweli, naandika namba na kuipigia mstari chini. Nikidanganya, naandika namba na kuizungushia duara, ili baadaye nisije nikajidanganya mwenyewe. Maana ya duara naijua mimi peke yangu.

Sasa naeleza ya Jumapili.

Mnamo tarehe 9 Juni tulifika uwanjani saa 1:15 asubuhi. Saa 3:00 ilianza mizunguko ya kuzoea njia. Uwanja ule una kilima kimoja kirefu tunachokiita Ghorofa. Unapanda kwa kasi, unaruka, unatua upande wa pili. Niliona kwa macho yangu kwamba kila akikaribia Ghorofa Chura alikuwa anapunguza mwendo. Alifanya hivyo mizunguko saba yote. Nilikasirika. Nilisema moyoni, wiki tano zote zile na bado anaogopa kilima.

Saa 3:40 alirudi kwenye hema letu. Alisema, "Dada, nyuma inanirusha. Nikipanda Ghorofa ni kama mtu ananisukuma kiunoni." Nilimwambia, "Umekaa nyuma tena." Akasema, "Sijakaa nyuma. Leo nimekaa mbele mpaka tangi linanichoma." Nikamwambia nitaangalia. Sikuangalia. Nilikunywa chai.

Saa 4:00 na dakika chache Popote alipita. Alikuwa nyuma ya Chura katika mazoezi. Alisema, "Gurudumu la nyuma la Chura halitulii, linarukaruka. Kachungulie." Nilimjibu, "Leo kila mtu fundi." Popote alicheka, akaenda zake. Ninayasema haya ili ijulikane kwamba niliambiwa mara mbili, na watu wawili wanaojua wanachosema.

Saa 5:00 kulikuwa na ugomvi ambao umeandikwa kwenye jalada hili kana kwamba ndio chanzo. Fundi Matairi, ambaye mmemweka ndani, ni mtu wa makamo anayeshughulikia matairi ya timu tangu kabla yangu. Chura alimlalamikia kwamba tairi la nyuma lina upepo mwingi, ndiyo maana linaruka. Fundi Matairi akamwambia mbele ya watu, "Tairi halina neno. Ni makalio yako hayajahama kutoka pikipiki ya zamani." Watu wakaangua kicheko. Chura akamrushia glovu usoni. Fundi Matairi akasema, "Utakuja kuniona." Maneno hayo nimeyasikia akimwambia kila mwendeshaji, na mimi, na mashine yake ya upepo ikigoma. Nusu saa baadaye walikuwa wanagawana chungwa.

Saa 7:10 mchana pikipiki zilikuwa zinaitwa kwenye mstari. Chura alikuja amevaa helmeti, uso umemtoka jasho. Alisema, "Dada, nakuomba. Nifungie mbili nyuma." Nilimwangalia nikamwona yule wa siku zote, roho juu. Nikasema, "Haya." Nikapiga magoti upande wa kushoto wa pikipiki. Nikagonga fremu. Tik, tik. Nikaandika kumi kwenye daftari, nikaizungushia duara. Akaniuliza, "Tayari?" Nikasema, "Tayari, tiki mbili, nenda." Akanigonga begani kwa glovu na kusema, "Hapo umenifaa."

Afande ameniuliza kama niliitazama shokapu wakati nimepiga magoti. Sikuitazama. Nilikuwa namtazama usoni kuona kama dawa imeingia. Skrubu hiyo iko chini kabisa, karibu na viungio, na huwezi kuizungusha bila kuingiza vidole pale. Kama ningeizungusha kweli, vidole vyangu vingetoka na mafuta.

Saa 7:20 Fundi Matairi alikuja kupima upepo wa tairi la nyuma. Alichuchumaa, akabonyeza kipimo kwenye vali, akasoma, akainuka. Haikufika dakika moja. Nilikuwa nimesimama naye, kipimo chake kilikuwa mkono mmoja na kitambaa mkono wa pili. Hakushika bisibisi. Hakugusa skrubu. Ninaapa kwa hilo.

Saa 7:30 mbio zilianza. Mzunguko wa kwanza na wa pili Chura alikuwa wa nne, kisha wa tatu. Alipofika Ghorofa hakupunguza mwendo hata kidogo. Mtangazaji alipiga kelele kwamba Chura amerudi. Mimi nilipiga makofi. Afande aandike hilo pia, kwamba nilipiga makofi.

Mzunguko wa tatu, saa 7:37, alipanda Ghorofa kwa kasi ileile. Pikipiki ilipofika ukingoni nyuma yake iliinuka ghafla, ikampita kichwani. Alitua kwa shingo, pikipiki ikamfuata. Kufumba na kufumbua watu wa msalaba mwekundu walikuwa wamemzunguka. Nilikimbia. Nilipofika macho yake yalikuwa wazi, akasema, "Sisikii mikono, Dada."

Jumatatu tarehe 10 Juni, saa 3:00 asubuhi, wakaguzi waliikagua pikipiki nikiwepo, pamoja na Meneja wa timu. Walipoihesabu skrubu ya nyuma ilikuwa kwenye kumi na mbili. Wakafungua daftari langu, wakaona kumi. Mkaguzi mmoja akasema, "Fundi mkuu alifunga mbili, halafu kuna mtu amezilegeza." Meneja akauliza nani aliikaribia nyuma ya pikipiki baada yangu. Mtu akamtaja Fundi Matairi. Mwingine akakumbuka glovu na yale maneno. Jumba bovu likamwangukia hapohapo, na mimi nimesimama hatua mbili kutoka hapo nikiwa na mdomo ambao sikuufungua.

Wakati wao wanahesabu tiki, mimi nilikuwa naangalia kitu kingine. Chini ya shokapu palikuwa na mafuta. Waliandika kwamba shokapu ilipasuka katika ajali. Naomba ipimwe upya. Mafuta yanayomwagika kwenye ajali ni mabichi, yanateleza. Haya yalikuwa yameshika vumbi la tabaka na kukauka pembezoni, hayo ni mavujo ya siku mbili au tatu. Shokapu ilikuwa inavuja tangu majaribio ya mwisho. Ikiwa baridi inajikaza, ikipata moto inakuwa springi tupu inayorusha mtu. Mdogo wangu alikuwa anasema kweli tangu asubuhi. Alipunguza mwendo kwenye Ghorofa kwa sababu mwili wake ulikuwa umeshaijua pikipiki kuliko nilivyoijua mimi. Wiki tano nilimwambia hajaizoea, kumbe alikuwa ameizoea mpaka ugonjwa wake anauhisi.

Siku hiyohiyo saa 5:30 nilimfuata Meneja ofisini kwake. Ni chumba kidogo chenye meza, makombe na feni isiyozunguka. Nilimweleza yote, mpaka duara. Akanivika kilemba cha ukoka, kwamba hajaona fundi kama mimi, kwamba timu ni familia. Halafu akasema, "Daftari limeshaongea. Ukisema vingine, utaua timu nzima, na mdogo wako hatasimama kwa sababu hiyo." Nikamuuliza, "Na Fundi Matairi?" Akasema, "Watamwachia wenyewe wakikosa ushahidi." Alisema kana kwamba anazungumzia mzigo uliochelewa bandarini.

Saa 10:00 jioni mlimchukua Fundi Matairi nyumbani kwake. Mimi nilikuwa karakanani, napanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Afande ameniuliza kwa nini sikuja siku ile. Ameniuliza kama Meneja alinitisha. Hakunitisha, na wala sikumwogopa. Niliona aibu. Miaka mitano nimesifiwa kwa mkono wa ajabu, na mkono wenyewe ulikuwa unagonga fremu. Sikutaka mama yangu ajue. Sikutaka wifi yangu ajue, ambaye Jumapili usiku kucha alikuwa amenishika mkono ananifariji mimi. Hiyo ndiyo sababu, na ninajua haitoshi.

Jana Jumanne tarehe 11 Juni, saa 10:15 jioni, niliingia wodini. Wifi alitoka kwenda kumpigia mama simu, tukabaki wawili. Chura amelazwa chali, kichwa kimewekewa vyuma visigeuke, kwa hiyo ukitaka akuone inabidi uiname juu yake. Vidole bado havimwitikii. Daktari hasemi ndiyo wala hapana.

Aliniambia, "Nimesikia wamemkamata Mzee wa Matairi." Nikasema ndiyo. Akasema, "Ujinga huo. Tumegombana mara mia, hawezi. Halafu hakuna aliyelegeza kitu. Nilisikia ulivyofunga, tik, tik. Na njiani nilihisi kabisa, mizunguko miwili yote, nyuma imetulia kama kitanda."

Nilinyoosha shuka lake.

Akaendelea, "Sasa kama ulinifungia, na ilikuwa imetulia, na bado nikaanguka, kosa ni la nani? Ni langu. Popote aliizoea nusu siku. Mimi wiki tano nimeshindwa. Meneja alisema tangu mwanzo kwamba nimezeekea kwenye pikipiki moja, akanipa nafasi kwa sababu yako. Kesho niitie polisi waje hapa niwaambie wamwachie yule mzee, nimeanguka mwenyewe."

Kisha akaniuliza, "Lakini ulinifungia mbili, siyo, Dada?" Hakuwa ananishuku. Alitaka tu kuwa na uhakika kabla ya kujibebesha lawama.

Nilisema, "Nilikufungia. Pumzika."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu, jana, nikiwa nimeinama juu ya uso wake. Alifumba macho na kusema, "Basi." Machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni, na hana mkono wa kuyafuta. Nilimfutia kwa kitambaa changu cha kazi.

Usiku sikulala na asubuhi sikula. Nimekuja ili maneno yake yale yasiwafikie ninyi kabla ya haya yangu. Fundi Matairi hana kosa. Mdogo wangu hana kosa, aliizoea ile pikipiki, na naomba sentensi hiyo ibaki kama nilivyoisema. Kwenye daftari, ukurasa wa tarehe 9 Juni, namba kumi ina duara. Hesabuni maduara yote nyuma ya hapo, yako thelathini na nane. Yote ni siku za mbio, na mara zote alirudi akanishukuru.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyafanya na ambayo sikuyafanya. Nimeyatoa kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Maelezo yamekamilika saa 6:05 mchana. Nimemsomea shahidi kwa sauti, amekiri ni sahihi. Ameomba marekebisho sehemu moja: pale nilipoandika kwamba mara thelathini na nane "alizungusha skrubu kwa uongo", amesema skrubu haikuzungushwa, niandike kama alivyotamka. Nimeifuta sentensi hiyo na ameweka sahihi pembeni.

Nimefungua kielelezo, ukurasa wa tarehe 9 Juni. Namba kumi ina duara. Nimehesabu yaliyotangulia, yako thelathini na nane.

Shokapu imetumwa kwa mtaalamu. Mtuhumiwa ataendelea kushikiliwa hadi majibu yatakaporudi. Shahidi alipoambiwa hivyo aliomba amwone, nikampeleka hadi mlango wa mahabusu. Alimwamkia. Mtuhumiwa hakuitikia.

Shahidi ameomba nakala moja ya maelezo haya ampelekee majeruhi. Nilimweleza kwamba majeruhi ataletewa yake na askari wa upelelezi. Alijibu kwamba mdogo wake hawezi kushika karatasi, na kwamba hatamwachia mtu mwingine kazi ya kumsomea. Nimempa nakala. Ameondoka saa 6:40 kuelekea hospitali.